Maua ya Majani kwa Sehemu za Kivuli: Mwongozo kwa Bustani za Mwanza

Nyuma ya nyumba pasipoota nyasi, ukanda mwembamba kati ya ukuta na uzio, chini ya mwembe, kando ya jabali: hapo ndipo mahali pa maua yanayopendwa kwa majani yake. Waridi likikosa jua halichanui. Koliasi, kaladiamu, maranta na begonia za majani hazisubiri kuchanua ndipo zipendeze, tena jua la mchana huzibabua. Hata hivyo wengi huzipoteza ndani ya mwaka wa kwanza, na mara nyingi sababu si mbolea wala wadudu. Walipanda mwezi Juni penye kivuli kizuri, na ilipofika Desemba mahali palepale pakawa panapigwa jua. Kabla ya kwenda kwa muuza miche, kijue kwanza kivuli chako.

Kivuli kinahama

Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini na kuacha kivuli kusini mwa nyumba. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi hupita kusini, na kivuli huhamia kaskazini. Ukuta wenye kimo cha mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 1.5 kwenda kusini saa za mchana mwezi Juni. Desemba hutupa mita 1.15 hivi kwenda kaskazini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kivuli hicho hutoweka kabisa, jua likiwa utosini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini hauwezi kukupa kivuli mwaka mzima peke yake. Unahitaji mti, kibanda cha nyavu, au vyungu vinavyohamishika.

Upande wa mashariki ndio bora kuliko zote: jua la asubuhi tu, miezi yote kumi na miwili. Upande wa magharibi ndio mbaya kuliko zote, maana tofali na saruji hupata moto mchana kutwa na kuendelea kutoa joto hadi usiku. Majabali yetu ya Mwanza nayo yana tabia hiyohiyo. Mche ulioko mashariki mwa jabali hupumzika alasiri. Ulioko magharibi mwake hukauka ncha za majani hata ukimwagiliwa kila siku.

Saa nazo zinadanganya. Tunatumia saa zilezile za Dar es Salaam, lakini sisi tuko mbali magharibi, hivyo jua hufika utosini hapa karibu na saa saba mchana, wala si saa sita. Pima kivuli saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri. Tandika karatasi nyeupe mahali unapotaka kupanda, inua kiganja kama sentimita 30 juu yake. Kivuli cha kiganja kikiwa na kingo kali, hapo pana jua. Kikiwa na kingo zilizofifia lakini vidole vinahesabika, hicho ni kivuli cha wastani, kinachofaa mimea mingi ya mwongozo huu. Usipoona vidole, hicho ni kivuli kizito.

Kipi kiende wapi

Majina hubadilika kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo liangalie jani kabla ya kulipa.

Koliasi (*Coleus scutellarioides*) ina shina la pembe nne na majani yenye meno pembeni, mekundu, ya zambarau, ya njano au yaliyochanganyika. Ipe saa mbili hadi tatu za jua la asubuhi, kisha kivuli. Kivuli kikizidi hurefuka, hulegea na rangi hufifia. Jua likizidi hupauka. Ni rahisi kuzidisha, kwa hiyo anza na hii hata kama unapenda nyingine zaidi.

Kaladiamu (*Caladium bicolor*) ni jamaa wa magimbi: majani membamba yenye umbo la moyo, meupe yenye mishipa ya kijani, au ya waridi yenye mishipa myekundu. Inapenda kivuli cha madoadoa chini ya mti na udongo usiokauka. Ina kiazi chini, na kila mwaka hulala. Tutarudi kwake, maana wengi huing'oa wakidhani imekufa.

Maranta na kalathea zina michoro kama iliyopakwa kwa brashi, na jioni hukunja majani yake kuelekea juu. Hizi ni za kivuli cha wastani hadi kizito, mbali na upepo. Upepo mkavu wa Julai na Agosti huunguza kingo zake. Ukiwa Capri Point au Bwiru ambako upepo wa ziwa unapiga moja kwa moja, ziweke nyuma ya kizuizi, la sivyo uache kuzinunua.

Begonia za majani (*Begonia rex* na jamii yake) hung'aa kama fedha na zambarau. Hazitaki maji juu ya majani wala udongo unaotuama. Zinafaa chungu kuliko ardhi.

Aglaonema, difenbakia na singoniamu ndizo za kivuli kizito kweli, kama ukanda wa kati ya nyumba na uzio. Tradeskantia ya mistari (*Tradescantia zebrina*) hutandaa chini na kufunika udongo ndani ya msimu mmoja wa mvua. Kordilaini nyekundu huwekwa nyuma kwa ajili ya kimo, mahali panapopata jua la asubuhi.

Sasa krotoni. Ndiyo inayouzwa zaidi barabarani, na ndiyo inayopandwa kivulini kimakosa zaidi. Njano na wekundu wake huhitaji jua. Kivulini majani mapya hutoka ya kijani, na baada ya miezi michache unabaki na kichaka cha kawaida. Ipande mbele penye jua, iwe ndiyo inayowapa kivuli wenzake.

Kuhusu mpangilio wa rangi: kivuli kizito humeza rangi za giza. Koliasi ya zambarau iliyoiva haionekani kabisa chini ya mwembe, ila ya njano-kijani au kaladiamu nyeupe huonekana toka getini. Weka za giza mbele ya ukuta mweupe au jabali la kijivu. Panda mitatu hadi mitano ya aina moja pamoja. Bustani yenye mche mmojammoja wa kila aina hufanana na meza ya muuzaji.

Onyo kwa wenye watoto wadogo na mbuzi: kaladiamu, difenbakia, aglaonema, singoniamu na potosi (ule mmea unaotambaa na kupanda miti) zina fuwele za kalisiamu oksalati kwenye utomvu. Kutafuna jani huunguza mdomo na kuvimbisha ulimi na koo. Vaa glavu unapokata difenbakia, na usijiguse macho.

Udongo

Sehemu kubwa ya vilima vya Mwanza ina udongo wa kichanga uliotokana na majabali, ule Wasukuma wanaouita luseni. Maji hupita upesi na kuondoka na rutuba. Kwa kila mita moja ya mraba changanya ndoo mbili za lita 20 za mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva, ukichimbia hadi sentimita 20 au 25. Samadi iliyoiva ni nyeusi, hainuki, na ukiingiza mkono ndani ya rundo husikii joto. Ya kuku ambayo haijakaa itaunguza mizizi ndani ya wiki.

Kwenye mbuga, yaani ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, shida ni kinyume chake. Kaladiamu na begonia huoza. Hapo usichimbe shimo ukalijaza udongo mzuri, kwa sababu shimo hilo litageuka bakuli la maji. Inua tuta la sentimita 20 juu ya ardhi, ulizungushie mawe.

Kando ya jabali chomeka nondo kabla ya kupanda. Usipofika sentimita 20 bila kugonga mwamba, tumia chungu, kwa sababu udongo huo hujaa maji yanayotiririka kutoka juu ya jiwe wakati wa masika na kukauka kabisa Julai.

Kwa chungu: sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za mboji, moja ya mchanga wa chengachenga, na moja ya pumba za mpunga zilizounguzwa. Pumba hupatikana kwenye mashine za kukoboa. Ziunguze zibaki nyeusi, zisifike majivu, kisha uzimwagie maji mengi uziache zichuje. Pumba mbichi zikichanganywa moja kwa moja hunyang'anya mmea naitrojeni zinapooza, na majani hugeuka njano. Mchanga ununue kwa wauza vifaa vya ujenzi, usiuchote ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Magugu maji ni malighafi nzuri ya mboji, na hayana gharama. Yatandaze juani siku tatu au nne hadi yanyauke, yakatekate, kisha panga tabaka la sentimita 20 la magugu na sentimita 5 za samadi, kwa kupokezana hadi rundo lifike mita moja. Geuza kila baada ya wiki mbili. Miezi miwili hadi mitatu huwa tayari. Mambo mawili ya kuzingatia. Usiyatoe majini bila buti za mpira na glavu ndefu, maana konokono wa kichocho hukaa kwenye magugu hayo. Na yale ya karibu na Mto Mirongo unapoingia ziwani, au palipo na maji machafu ya mjini, mboji yake iishie kwenye maua. Usiipeleke kwenye mchicha, kwa sababu magugu maji hufyonza metali nzito.

Kupanda chini ya mti

Mwembe una mizizi mingi midogo karibu na uso wa ardhi. Ukiichimba kwa jembe unaujeruhi mti, na baada ya miezi miwili mizizi hurudi na kunywa maji ya maua yako. Anza mita moja kutoka kwenye shina. Tumia mwiko, chimba matundu madogo katikati ya mizizi, panda miche michanga yenye mizizi midogo. Usirundike udongo kwenye shina la mti, gome huoza. Penye mizizi iliyosongamana, zika vyungu hadi nusu. Maembe nayo huanguka, kuanzia Novemba hadi Januari, na embe moja hulivunja jani la kaladiamu bila shida, kwa hiyo chini ya matawi yenye kuzaa weka tradeskantia inayoota upya haraka.

Mparachichi hautaki mizizi yake ikae kwenye unyevu wakati wote, kwani hushikwa na kuoza kwa mizizi. Chini yake panda vitu vinavyovumilia ukavu, kwa mfano sansevieria yenye kingo za njano. Chini ya mkaratusi usijisumbue.

Wakati mzuri ni mvua za vuli zikishashika, mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Unapata miezi ya mvua, na mmea unaingia kiangazi cha Juni ukiwa na mizizi. Nafasi: koliasi sentimita 30, kaladiamu 25 hadi 30, maranta 30, aglaonema 40, kordilaini 60, tradeskantia 20. Panda jioni. Mche utoke na udongo wake, uingie kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye kifuko, na usisahau kuchana hicho kifuko cheusi. Kuna miche huzikwa nacho.

Angalia pia bati. Chini ya upenu mvua haifiki kabisa, hata inyeshe usiku kucha, hivyo mimea ya hapo humwagiliwa masika kama kiangazi. Pale maji ya bati yanapodondokea, hupasua majani na kuchimba mfereji. Panda sentimita 40 au 50 nje ya mstari huo, na mstari wenyewe ujaze kokoto.

Maji na chakula

Kuanzia Juni hadi Septemba, bustani ya kivuli kwenye udongo wa kichanga huhitaji kama lita 10 kwa mita moja ya mraba, mara mbili kwa wiki. Kwenye chungu ingiza kidole sentimita 3. Ukikuta pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Fanya asubuhi. Majani yakilala na maji hupata madoa ya ukungu. Visahani vya chini ya vyungu vimwage kila mara, mbu wasizaliane.

Kalathea, kordilaini na drasena zikianza kukauka ncha huku udongo una unyevu, shuku maji. Baadhi ya visima vya Kanda ya Ziwa vina floraidi nyingi, na mimea hii haiivumilii. Kulaza maji kwenye ndoo usiku mmoja hupunguza klorini, lakini floraidi haiondoki. Tumia maji ya mvua kutoka kwenye simtanki.

Tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 5, ukiacha vidole vitatu kutoka kwenye shina. Kuku wa jirani watayachakura. Kokoto chache juu yake husaidia. Kiangazi funua mara kwa mara uangalie mchwa.

Mbolea isizidi. Kivulini mmea hukua polepole na hula kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17 kilichoyeyushwa kwenye lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua tu, kinatosha. Naitrojeni ikizidi huleta majani makubwa ya kijani na kufukuza rangi uliyoigharamia.

Rangi ikipotea

Jani lililopauka, lenye mabaka ya kahawia upande unaotazama mwanga, limeungua na jua. Shina refu lenye majani yaliyoachana na rangi iliyofifia limekosa mwanga. Punguza matawi ya mti badala ya kuongeza mbolea. Majani ya chini kuwa njano na udongo unanuka maana yake mizizi inaoza.

Tawi zima likitoka la kijani kwenye mmea wa rangi mbili, likate mara moja kutoka linapoanzia. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, kwa hiyo tawi la kijani hujitengenezea chakula kingi zaidi, hukua haraka na mwishowe huumeza mmea wote.

Koliasi ikifika sentimita 15 ikate kileleni, irudie kila inaporefuka, na vikonyo vya maua vikitokea vitoe kabla havijafunguka. Ikiachwa ichanue, shina hukakamaa na majani hupungua.

Kuzidisha

Koliasi: kata kipande cha sentimita 8 hadi 10 chini kidogo ya fundo, ondoa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji penye mwanga usio wa jua. Mizizi hutoka ndani ya siku 7 hadi 14. Hamishia kwenye udongo mizizi ikiwa na sentimita 3. Ikikaa majini muda mrefu huchelewa kuzoea udongo. Tradeskantia chomeka tu ardhini. Maranta na kalathea zigawe mvua zinapoanza, kila kipande kiwe na mizizi na machipukizi mawili au matatu. Kordilaini: laza vipande vya shina vya sentimita 8 kwenye mchanga wenye unyevu, vifunike nusu. Sansevieria ya kingo za njano usiizidishe kwa vipande vya jani, kwa sababu vitoto vitatoka vya kijani kitupu. Igawe kwenye shina la chini ya ardhi.

Kaladiamu hupandwa kwa kiazi, sentimita 3 hadi 5 chini, upande wenye macho juu. Kiazi kikubwa kinaweza kukatwa, kila kipande kikiwa na jicho. Paka majivu, kiache kikauke siku mbili. Mwezi Juni majani yakianza kulala, acha kumwagilia. Yakishakauka, chimbua viazi, vianike kivulini kwa wiki moja, vifukie kwenye boksi la mchanga mkavu au pumba kavu, uliweke ndani mbali na panya. Ukiviacha ardhini penye udongo wa kichanga na usipomwagilia vingi hurudi, lakini ukiendelea kumwagilia kiazi kilicholala utakuta uji.

Wadudu na mabaki

Konokono na koa ndio maadui wakuu kivulini, hasa Novemba na Aprili. Toka na tochi saa mbili usiku uwaokote. Mstari wa majivu huwazuia hadi mvua inyeshe. Vidung'ata, wale wadudu wa unga mweupe kwenye makwapa ya majani, wafute kwa pamba yenye spiriti. Utitiri hutokea kiangazi: madoa madogo ya njano na utando mwembamba chini ya jani. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, nyunyizia chini ya majani jua likiisha makali, suuza asubuhi. Rudia baada ya siku tano, mara tatu. Begonia usiinyunyizie, mng'oe mdudu kwa mkono.

Vipande ulivyopogoa usivitupe kwenye korongo wala mtaro unaoelekea ziwani. Magugu maji yaliletwa Afrika kama ua la kupamba, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa tayari yameingia Ziwa Victoria. Tradeskantia huota tena kutoka kwenye kipande chenye fundo moja, nayo potosi hupanda mti mzima ikifika ardhini. Vianike kwenye saruji penye jua kali hadi vivunjike mkononi, ndipo uviingize kwenye rundo la mboji.